Ubavu wa Saba

Jumatatu, 5 Mei. Ngazi ya tatu.

Nimeanza daftari jipya. La zamani liliishia kwenye ukurasa wa siku ile, na sipendi kuandika mambo ya kawaida chini yake.

Utaratibu haubadiliki. Kila asubuhi nikienda kazini, karakana ya useremala, napita gatini kuangalia maji ya usiku yameacha unyevu kwenye ngazi ya ngapi kutoka chini. Ngazi ziko kumi na mbili. Unyevu ukifika ya nane, ujue mwamba wa nje umeanza kuvunja mawimbi makubwa. Siku ile, Agosti mwaka jana, ulifika ya kumi. Ubao wa mdogo wangu wa kuteleza mawimbini ulikatika vipande viwili juu ya mwamba, kamba inayoufunga mguuni mwake ikazonga jiwe, naye akabaki chini ya maji. Mimi nilikuwa nimesimama ufukweni nikihesabu. Nilifika arobaini na moja ndipo kichwa kikatokea. Alitoka na mfupa wa mtulinga uliovunjika na sikio la kushoto ambalo mpaka leo halisikii.

Leo tukinywa chai alisema, bila kuniangalia, "Dada, pale karakana kwenu mna mbao nyepesi?"

"Za nini?"

"Za ubao. Nataka kuutengeneza mwenyewe."

Mama alikuwa jikoni. Niliweka kikombe mezani polepole.

"Zipo," nikasema.

Jumanne, 6 Mei. Ngazi ya tatu.

Niandike sababu za kukubali, ili baadaye nisijidanganye.

Nikikataa, atanunua mwingine kama ule. Lakini ubao wa kutengeneza kwa mkono unakula muda, na msimu wa mawimbi unakwisha mwishoni mwa Agosti. Funguo za karakana ninashika mimi. Mbao ninapima mimi. Kazi ikipita mikononi mwangu, inaweza kwenda mwendo wa kobe, na kobe akachoka njiani.

Ni miaka kumi na mmoja sasa napima milango na madirisha. Baharini maji hayajawahi kunipita kiuno.

Ijumaa, 9 Mei. Ngazi ya tatu.

Fundi, mwenye karakana, ametupa kona ya nyuma, kila siku kuanzia kazi inapofungwa mpaka giza linapoingia. Aliutazama mchoro wetu, akaugeuza juu chini.

"Hii nini? Jeneza la samaki?"

"Ubao wa kuteleza mawimbini, Fundi," mdogo wangu akamjibu.

"Si wewe uliyetolewa majini mwaka jana?"

"Ni mimi."

"Wenzio hutosheka na mara moja." Akacheka peke yake, akaenda zake.

Jumatano, 14 Mei. Ngazi ya nne.

Kwa ndani utafanana na mifupa ya samaki. Uti mmoja wa plaiwudi kutoka puani hadi mkiani, na mbavu kumi na tatu zinazoukatiza. Fito nyembamba chini, fito nyembamba juu, katikati hewa tupu.

Nilimwuliza kwa nini asifanye kama rafiki yake Miwani, anayenunua dukani asubuhi na jioni yuko majini.

"Dukani hakuna ubao wa mtu mwenye bega moja na nusu," akasema. Akanionyesha mkono wa kushoto unapoishia: usawa wa sikio, haupandi zaidi. Kwa hiyo ubao wake utakuwa mpana kifuani na mwembamba ukingo wa kushoto, ili mkono mbovu ufike majini bila kujinyoosha. Ameupima mkono wake kwa futi yangu mara tatu. Sikujua kwamba naye ni mtu wa kupima.

Jumapili, 25 Mei. Ngazi ya nne.

Mama aliuliza tunashughulika na nini huko kila jioni. Nikamwambia rafu ya vitabu.

"Na hao wasomaji ni nani? Humu ndani kuna daftari lako tu, nalo unalifungia."

Jumanne, 3 Juni. Ngazi ya nne.

Nimekata mbavu mbili badala ya nne. Nikasema msumeno umeisha makali.

Jumatano, 4 Juni. Ngazi ya nne.

Ameunoa msumeno.

Jumatano, 11 Juni. Ngazi ya tano.

Kobe ameanza kukimbia, na mkimbizaji ni mimi. Leo tulikuwa tunapiga randa fito za chini. Yeye anasukuma kwa mkono mmoja, mimi nashikilia upande wa pili, maranda yanadondoka miguuni kama maganda ya kitunguu. Fito ikatoka laini kiasi kwamba tuliipitishia viganja mara kwa mara. Nilipotazama dirishani, jua lilikuwa limezama. Nilikuwa nimesahau kuchelewesha.

Tukifagia, akasema, "Hizi saa mbili za randa ndizo pekee ambazo siogopi."

"Unaogopa nini?"

"Dada, unadhani kwa nini naoga kwa kopo? Tangu siku ile siwezi kusimama chini ya bomba. Maji yakinipiga usoni nakosa pumzi."

Miezi kumi tangu siku ile nimeishi naye nyumba moja. Nimesikia kopo likigonga ndoo kila asubuhi, nikafikiri anabana matumizi ya maji.

"Sasa baharini unarudi kufanya nini, kama hata kuoga unaogopa?"

"Narudi kwa sababu hata kuoga naogopa," akasema. Akachukua pipa la maranda akatoka nalo.

Nimefika nyumbani nikiwa na hofu zaidi kuliko asubuhi. Asiyeogopa unaweza kumtisha. Huyu nimtishe na nini?

Jumatatu, 16 Juni. Ngazi ya tano.

Mbavu zote kumi na tatu zimesimama kwenye uti, na fito za chini zimeshika. Ubao uko wazi juu kama mtumbwi wenye vyumba. Ijumaa tunaufunga.

Amenipa kazi ya kizibo. Kila ubao ulio na hewa ndani lazima uwe na tundu dogo. Ukiwa juani hewa hutanuka, isipopata njia huchana viungo. Ukiwa majini tundu lisipozibwa, maji huingia. Kwa hiyo nchi kavu wazi, majini kimefungwa. Kizibo chetu ni skrubu ya shaba yenye pete ya mpira. Ameifunga uzi akanivika shingoni.

"Bila wewe siingii," akasema.

Anadhani amenituliza.

Ijumaa, 20 Juni. Ngazi ya sita.

Niandike kama ilivyokuwa.

Gundi ya kufungia huganda kwa dakika arobaini. Ndani ya muda huo inabidi kupaka kingo za juu za mbavu zote, kupanga fito na kukaza klampu ishirini na mbili za kubania. Brashi ilikuwa kwangu, kwa sababu bega lake halimruhusu kuinama muda mrefu. Yeye alikuwa anapanga klampu sakafuni, amenipa mgongo.

Nilianzia puani. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini, na kwa mara ya kwanza mwaka huu niliusikia mwamba kutoka karakana. Si sauti ya wimbi. Ni kama mtu aliye mbali anayeangusha magunia, anapumzika, anaangusha tena. Nikaanza kuhesabu kati ya gunia na gunia. Wa nne. Wa tano. Wa sita.

Ubavu wa saba uko pale mguu wake wa nyuma utakapokanyaga.

Niliuruka. Brashi ilikuwa imejaa gundi, mkono ukapita juu yake na kutua kwenye wa nane. Ningependa kuandika kwamba niliteleza. Nilijua. Hesabu ilikuwa hii: Jumapili tutaujaribu kwa hewa na sabuni, mapovu yatatoka, itabidi fito zote za juu zing'olewe, na kuzing'oa ni kuziharibu. Zitatakiwa mpya. Agosti itatukuta bado tunapiga randa, tukiwa wawili, nchi kavu.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari."

Tukaufunga. Alikuwa na furaha kiasi cha kupiga mluzi, na mluzi wake sasa haushiki tuni kwa sababu ya sikio. Nilikaza klampu nane mimi mwenyewe.

Jumapili, 22 Juni. Ngazi ya sita.

Tumejaribu. Alisukuma hewa taratibu kwa pampu ya baiskeli kupitia tundu la kizibo, mimi nikapaka maji ya sabuni kwenye viungo vyote, nikiinama na taa. Nilipaka pua, kingo, mkia. Nilipaka usawa wa ubavu wa saba mara nne.

Hakuna povu hata moja.

"Dada, umefanya kazi ya ajabu," akasema, akanikumbatia kwa mkono mmoja.

Mimi ni mtu wa milango. Mlango ukiwa na kiungo kibovu unalegea, unalia, kila apitaye anajua. Nilidhani ubao nao utalia. Sikufikiri kwamba ubavu uko ndani kabisa, umezungukwa na hewa pande zote. Hewa hutoka kingoni tu. Ubavu unaweza kukosa gundi yote duniani na nje pasionekane hata tundu la sindano.

Sasa nina ubao usiovuja, ulio tayari kwa wakati wake, na mbovu chini ya mguu.

Jumatatu, 23 Juni. Ngazi ya sita.

Sijasema.

Jumatano, 25 Juni. Ngazi ya sita.

Sijasema. Nimepima fremu ya dirisha vibaya, mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Fundi aliniuliza kama nimepata mchumba.

Jumapili, 29 Juni. Ngazi ya sita.

Leo alikuja karakana na kitu kilichofungwa kwenye shuka kuukuu. Ni nusu ya ule ubao wa mwaka jana. Sikujua kwamba ameutunza. Alikuwa ameuweka chini ya kitanda chake, nami ndiye ninayefagia chumba kile.

Aliuweka juu ya meza. "Angalia pale ulipokatika."

Nje ni rangi ya buluu, ndani povu jeupe kama mkate. Lakini kwenye mvunjiko, chini ya buluu, kulikuwa na mstari wa kahawia, na povu la rangi nyingine, la njano, limejazwa kama mtu anavyoziba jino.

"Ulikuwa umeshakatika kabla sijaununua," akasema. "Mtu aliuunga, akaupaka rangi, akauza. Nililala juu yake miaka minne."

"Labda hakujua ni hatari."

"Dada, huwezi kuziba kitu usichokijua. Alijua. Mimi wimbi silikasirikii hata kidogo. Wimbi halikunificha kitu. Namfikiria huyo mtu. Alikuwa ameshika brashi, akafikiri kidogo, halafu akapaka." Akageuka kuutazama ubao wetu, akaupapasa. "Ndiyo maana nilitaka huu. Ndani yake hakuna mkono nisioujua."

Nilikuwa nimeshika msasa. Niliendelea kusugua mahali pamoja mpaka akaniambia inatosha, nitatoboa.

Mpaka leo nilikuwa naogopa maji.

Ijumaa, 4 Julai. Ngazi ya saba.

Ameuvika kitambaa cha nyuzi za kioo na kukinywesha resini mpaka kikaganda. Kimekuwa kama kioo, mbao zinaonekana chini yake na kila mshipa wake. Jana ningeweza kusema kabla hajaufunika. Juzi pia. Kila siku niliyonyamaza imefanya kazi ya kesho kuwa kubwa zaidi.

Nimefikiria kutupa kizibo baharini. Angechonga kingine kwa nusu saa.

Mama amepita karakana bila kutuambia, eti alikuwa njiani. Alisimama mlangoni.

"Hii ndiyo rafu?"

Akautazama kutoka puani hadi mkiani.

"Rafu gani ina mkia?" akasema, akaondoka. Nyumbani hakuligusia tena, na hilo lilinisumbua kuliko kama angefoka.

Jumanne, 8 Julai. Ngazi ya saba.

Redio imetangaza mawimbi makubwa Jumamosi, vyombo vidogo visitoke. Miwani alikuja mbio karakana kama mtu aliyealikwa harusini. Yeye na mdogo wangu wamepanga kuingia majini siku hiyo saa moja asubuhi.

Wakati wa mapumziko nilimwuliza Fundi, kama mtu anayepiga soga, ni kiungo gani kibaya kuliko vyote.

"Kile kisicholia," akasema huku akitafuna mkate. "Mlango unaolia ni kama mke mgomvi, unajua ulipo naye. Lakini huyu mpole, asiyesema kitu miaka kumi? Huyo siku moja unaamka unakuta yuko juu yako na paa." Akacheka mpaka akapaliwa. Nikampigapiga mgongo.

Alhamisi, 10 Julai. Ngazi ya nane.

Nimesema.

Nilimwomba tukutane karakana kabla ya kazi. Ubao ulikuwa juu ya meza mbili, tundu likiwa wazi. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, na nilipofika yote yalikuwa yametoweka, nikabaki na moja.

"Ubavu wa saba hauna gundi."

Alitabasamu kwanza. "Hauna vipi?"

"Sikuupaka. Niliuruka kwa makusudi, ili tushindwe jaribio la hewa, msimu ukupite. Nilidhani utavuja."

Alisogea, akainamisha sikio la kulia karibu na ubao, akaanza kugonga kwa kifundo cha kidole kutoka puani. Nilimwona akihesabu kwa midomo. Sauti ilikuwa moja, ngumu, kama kugonga meza. Alipofika katikati ilibadilika. Ilikuwa kama kugonga boksi tupu. Akagonga tena pale pale. Akagonga mara ya tatu, na mimi nilitamani aache.

"Tangu tarehe ishirini," akasema.

"Ndiyo."

"Na nilipoleta ile nusu, ukaiona."

"Niliiona."

"Ukasema labda hakujua."

Alisimama akiwa ameweka kiganja juu ya ubavu ule, kama mtu anayepima homa. Nilitaka afoke. Yeye hufoka haraka na kusahau haraka, tangu utoto. Lakini alichukua koti lake, akafungua mlango, akautoa mguu mmoja nje.

"Keshokutwa ningekuwa juu yake, Dada," akasema. Hakugeuka.

Nimepima milango sita leo. Yote nimeirudia mara mbili, kwa sababu nilikuwa siamini mkono wangu.

Ijumaa, 11 Julai. Ngazi ya tisa.

Hatusemeshani. Mama alituangalia mezani, huyu na huyu. "Rafu imewagombanisha?" Akamwekea chai yeye kwanza, halafu mimi, kama anavyofanya mtu akiugua.

Jumamosi, 12 Julai. Ngazi ya kumi.

Ngazi ya kumi. Nilisimama gatini nikaiangalia mara mbili.

Nilipofika karakana nilimkuta ameshafika. Mwamba ulisikika humo ndani kama uko nyuma ya ukuta. Vioo vya madirisha ya wateja vilikuwa vinatetemeka kwenye fremu zake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, msumeno mdogo magotini.

"Fungua wewe," akasema, akanipa msumeno.

Madirisha nimeyapima maisha yangu yote, hili ndilo la kwanza nililolikata bila kupumua. Kutoka ubavu wa sita hadi wa nane, upana wa viganja viwili. Nilikata kitambaa kigumu kama kioo, kisha fito zile tulizozipapasa mwezi uliopita. Kipande kilipotoka, ubavu wa saba ulikuwa humo ndani, safi, mkavu, mweupe. Nyingine zilikuwa na mstari wa gundi kama jasho lililoganda.

Tuliutazama wote wawili. Nje magunia yalikuwa yanaanguka.

Saa tano Miwani alipita akiwa amelowa, macho mekundu, anacheka ovyo. Alisema hajapata kuona mawimbi kama yale na kwamba mdogo wangu amekosa siku ya maisha yake. Aliona dirisha kwenye ubao, akaacha kucheka.

"Nini tena?"

Mdogo wangu angeweza kusema chochote juu yangu, na ungekuwa ukweli.

"Kiungo kimoja hakikushika," mdogo wangu akasema. "Tumekiona mapema."

Nilipata nilichokitaka tangu Mei. Siku kubwa imepita na yeye yuko nchi kavu, mzima, hatua mbili kutoka kwangu, hanitazami.

Jumatatu, 14 Julai. Ngazi ya nane.

Nimepaka gundi. Alisimama pembeni akiangalia brashi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni haki yake. Kabla ya kufunga alinipa penseli.

"Andika kitu kwenye ubavu. Chochote. Watu huandika majina yao."

Niliandika: *14 Julai. Gundi imepakwa, pande zote mbili. Nimeangalia.* Nikatia sahihi.

Aliinama akasoma. Pua yake ikafanya kama inataka kupiga chafya, halafu akashindwa kujizuia.

"Kama cheti cha hospitali," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Alhamisi.

Jumapili, 20 Julai. Ngazi ya saba.

Jaribio la hewa: hakuna povu. Kisha akagonga, mbavu zote kumi na tatu, mara mbili, sikio likiwa limeinama. Akaniambia nami nigonge. Nimegonga.

Nilimwuliza kama nimtafutie rangi ya kuficha kiraka, maana fito mpya ni nyeupe na zile za zamani zimeshageuka rangi ya asali. Niligundua ninachokisema kikiwa kimeshatoka mdomoni.

"Hapana," akasema. "Kionekane."

Jumamosi, 2 Agosti. Ngazi ya sita.

Ameuingiza kwenye maji matulivu ndani ya ghuba. Nilifunga kizibo, akaelea, akarudi. Nilifungua kizibo. Mkono mbovu unafika majini bila taabu.

Asubuhi hii, kabla hatujatoka, nilisikia bomba likimwagika bafuni. Likafungwa upesi. Likafunguliwa tena.

Jumamosi, 9 Agosti. Ngazi ya sita.

Hakuna mawimbi. Namshukuru Mungu, naandika hapa tu.

Alhamisi, 14 Agosti. Ngazi ya nane.

Redio: Jumamosi. Huenda ndiyo ya mwisho msimu huu.

Sina tena kiungo cha kusingizia. Nimekigonga kila siku.

Jumamosi, 16 Agosti. Ngazi ya tisa.

Nilipanga kuandika nikiwa ufukweni, nikashindwa. Naandika sasa, saa nane mchana, mezani jikoni.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu. Mlangoni tulimkuta Mama amevaa viatu.

"Unakwenda wapi, Mama?" mdogo wangu akauliza.

"Kuona rafu inavyosomwa."

Alinishika mkono, na kiganja chake kilikuwa na baridi kama changu.

Mawimbi yalikuwa yanasimama nje kwenye mwamba, moja baada ya jingine, kijivu, na kabla ya kuanguka yanakuwa kimya. Hicho kimya nilikuwa nimekisahau. Nilipiga magoti mchangani kufunga kizibo. Bisibisi iliteleza mara mbili. Nilikaza, nikajaribu kwa kidole, nikakaza tena.

"Umeangalia?" akauliza. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Nimeangalia. Unaogopa?"

"Sana."

"Mimi pia."

"Najua. Nakusikia unavyopumua kwa sikio bovu." Akaingia majini.

Wimbi la kwanza alilipanda vizuri. Hata mimi nisiyejua kitu niliona mguu wa nyuma ukikanyaga pale pale, juu ya kiraka cheupe, na ubao ukageuka alivyotaka. Mama alisema "Eh" kidogo, kama mtu aliyeonja kitu na hataki kukisifia.

La tatu lilimwangusha.

Nikaanza kuhesabu. Miwani alikuwa karibu yetu, anafunga kamba ya mguuni. Kwenye saba ubao ulitokea peke yake, mzima. Lakini haukulala juu ya maji. Ulisimama wima, pua juu, nusu yake nje, unatikisika kama kijiti cha mvuvi.

"Kwa nini umesimama hivyo?" Mama akauliza.

Miwani hakutaka kujibu. "Kamba imekazwa," akasema mwishowe. "Yuko chini yake."

Kumi na mbili. Wimbi la nyuma yake likapita juu ya ubao, nikasema moyoni sasa utakatika, utakatika kwenye dirisha langu, na nitajua kwa maisha yangu yote ni mkono wa nani. Kumi na sita. Ukatokea tena, wima. Kiraka kilionekana kutoka ufukweni, cheupe. Kumi na tisa. Mama alikuwa ameniminya vidole mpaka havina hisia. Ishirini na mbili. Nilikuwa nahesabu kwa sauti bila kujua, na Miwani alikuwa anahesabu pamoja nami.

Ishirini na sita, ubao ukalala. Mkono ukapita juu yake, ule mbovu, ukaushika ukingo wa kushoto tulioufanya mwembamba. Halafu kichwa.

Nilifikiri atarudi ufukweni. Alilala juu ya ubao kwa muda, shavu kwenye mbao. Kisha akaugeuza, akapiga makasia kwa mikono kuelekea nje tena, na mimi nikakaa chini mchangani. Alipanda mawimbi mengine mawili. Siwezi kusema yalikuwaje. Nilikuwa natazama kiraka tu.

Akatoka majini. Aliuweka ubao mbele yangu kivulini, akainamisha sikio la kulia, akagonga mara moja kwenye wa saba. Akaniachia nafasi.

Nimefungua kizibo mwenyewe. Hewa ilitoka kwa pumzi moja ndefu. Nikauinamisha, pua chini, nikasubiri kuona kama maji yatatoka, nikihesabu mpaka arobaini na moja.

Kizibo: wazi. Ndani: pakavu.